Mada ya utafiti ukiwa huku Kusini: korosho, chikungunya, mjusi wa Tendaguru au magofu ya Kilwa?

Mpwa wangu alikuja dukani Jumamosi jioni, umeme umekatika, nami nahesabu rimu kwa mwanga wa simu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, karibu." Akanitandikia kwenye kaunta karatasi yenye mada nne zilizoandikwa kwa peni ya bluu, na chini kabisa neno moja kwa herufi kubwa: CHAGUA. Anasomea ualimu, masomo yake jiografia na historia, na msimamizi wake amemwambia mada iwe ya huku kwetu na imfikie kabla ya mwisho wa mwezi. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye wa kwanza kusumbuliwa, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia.

Mimi si mhadhiri. Nina steshenari hapa Mtwara mjini: nachapa, naprinti, natoa kopi, najalidi. Tasnifu nyingi zimepita mikononi mwangu, na anayejalidi hakosi kusoma, hasa siku mashine inapokwama katikati ya sura ya nne. Nimeziona zilizokwisha kwa muhula mmoja na zilizozunguka hadi mwenyewe akaoa. Akili ya mwandishi si kitu kilichozitofautisha sana. Kilichozitofautisha ni kama mtu aliweza kurudi mara ya pili. Kila mtu hukosea safari ya kwanza: dodoso lina swali ambalo wanakijiji wanalielewa vingine, kipimo kimesahaulika nyumbani, simu imezima katikati ya mahojiano. Mwenye uwezo wa kurudi hurekebisha. Asiye nao huanza kupika takwimu, na takwimu za kupika hunuka hata kwa mtu wa kujalidi.

Basi zile mada nne nilizipima kwa kipimo hicho, nikaongeza ya tano ambayo hakuiandika.

Korosho

Naanza na korosho kwa sababu ndiyo inayokimbiliwa na wengi. Kituo cha utafiti cha Naliendele kipo hapa hapa, unafika kwa bajaji, na zao lenyewe liko nyuma ya nyumba ya kila mtu. Tena ni mada yenye historia nzuri ya sayansi kufanya kazi ikaonekana. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho ghafi. Katikati ya miaka ya 1980 tukashuka chini ya tani 20,000. Wazee watakwambia ni Operesheni Vijiji, watu walihamishwa wakaiacha mikorosho yao porini. Wengine watakwambia bei. Wote wana lao la kweli, lakini palikuwa na jambo la tatu: ubwiriunga, ule unga mweupe unaokaa juu ya maua kama mtu aliyekung'uta mfuko wa sembe. Ulianza kuandikwa hapa nchini mwaka 1979. Ua likishikwa linakauka, na likikauka hakuna bibo wala korosho. Watafiti walipothibitisha kwamba vumbi la salfa likipulizwa mapema linauzuia, mashamba yakaanza kurudi, pamoja na mbegu bora zilizotoka Naliendele. Msimu wa 2017/18 tulivuka tani 300,000.

Sasa ubaya wake. Kwanza, msongamano. Kichwa cha "Changamoto za mfumo wa stakabadhi ghalani katika Wilaya ya ..." nimekijalidi mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kukiacha tayari kwenye kompyuta, mteja ajaze jina la wilaya tu. Pili, mti una ratiba yake. Maua huanza kutoka kama Juni. Kibali chako kikikawia hadi Oktoba, unga umeshapita na watu wanaokota. Kurudi mara ya pili maana yake ni mwakani, na chuo hakitakusubiri.

La tatu ndilo linaloua majaribio mengi. Ukitaka kujua dawa imefanya nini, lazima uwe na miti isiyopuliziwa, uilinganishe na iliyopuliziwa. Kwenye vitabu hiyo ni sentensi moja. Shambani ni kumwomba mama mwenye mikorosho 40 akuachie 10 iliwe na ubwiriunga mbele ya macho yake. Mwanafunzi mmoja aliniambia alivyojibiwa: "Mwanangu, hiyo kumi ndiyo ada ya mdogo wako." Alirudi akapulizia yote, akaandika kwamba salfa inafaa. Inafaa kuliko nini? Mtahini akamuuliza hilo hilo.

Anayeng'ang'ania korosho ningempeleka kwa maji moto. Nasema wale siafu wa rangi ya chungwa wanaoshona majani kuwa viota kwa uzi wa mabuu yao, wakikupanda shingoni unavua shati barabarani. Kuna tafiti, za Naliendele zikiwemo, zilizoangalia jinsi wanavyowinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaofyonza machipukizi. Viota unaweza kuvihesabu karibu mwezi wowote, mti kwa mti, na ukikosea unarudi kesho yake. Kisha kuna swali la jiografia ya binadamu ambalo mpwa wangu angeliweza vizuri: mkulima anayejua faida yao bado anawachoma moto, kwa sababu anayefagia na kuokota chini ya mti ndiye anayeumwa, na mara nyingi huyo ni mkewe au vibarua. Au swali la udongo, maana salfa ya miaka na miaka huongeza tindikali, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu nyingi za kuizuia. Hilo lakini linataka maabara, na maabara inataka hela.

Chikungunya

Hapa mpwa wangu alikuwa ameandika: "Uelewa wa jamii kuhusu ugonjwa wa chikungunya." Nilimwambia neno "uelewa" alifute kwanza, tutazungumza baadaye.

Ni ajabu kwamba watu wa Newala wengi hawajui dunia nzima inatamka neno lao. Kati ya 1952 na 1953 uliingia Uwanda wa Makonde, ilipo Newala yenyewe, ugonjwa wa homa kali ya ghafla na viungo vinavyouma hadi mtu anashindwa kusimama wima. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, na mwenzake W. H. R. Lumsden akaandika jinsi ugonjwa ulivyosambaa, maandiko yao yakatoka 1955. R. W. Ross akaeleza mwaka uliofuata jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana kwenye damu ya wagonjwa. Jina walilichukua kwa wagonjwa: kwa Kimakonde ni kujikunja, kupindika. Walioanza kuugua walidhaniwa wana dengue, jambo ambalo halishangazi, maana magonjwa haya mawili hubebwa na mbu yule yule na huanza kwa namna moja. Tena hata neno dengue wapo wanaolihusisha na Kiswahili chetu, kidingapopo, homa iliyopita Zanzibar na pwani katika karne ya 19, na ambayo wataalamu wengine wanaona huenda ilikuwa chikungunya yenyewe. Basi huenda majina mawili ya homa duniani yametoka vinywani mwetu, na zahanati zetu nyingi hazina kipimo cha hata moja.

Lumsden aliona jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mada hii. Uwandani hakuna mito. Mvua ikinyesha inazama. Wanawake walikuwa wakishuka genge hadi bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani, na maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi. Yanawekwa ndani ya mitungi, siku baada ya siku. Mbu aina ya Aedes aegypti hataki bwawa wala matope. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu, na anauma mchana. Kwa hiyo shida ya maji ndiyo iliyomfuga.

Tangu hapo kirusi kimetembea. Mwaka 2004 kilikuwa Lamu na Mombasa. Mwaka 2005 hadi 2006 kiliangusha takriban theluthi ya watu wa kisiwa cha Réunion, na huko wataalamu wakagundua badiliko dogo sana kwenye kirusi lililomwezesha mbu mwingine, Aedes albopictus, kukibeba vizuri zaidi. Mwishoni mwa 2013 kikafika Karibiani, kikasambaa Amerika. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na Agosti 2025 leseni yake huko ikasimamishwa kwa sababu ya madhara makubwa yaliyoripotiwa kwa baadhi ya waliochanjwa. Huo ndio utafiti wa tiba ulivyo, mlango ukifunguka leo kesho unarudishwa nusu.

Kuna utafiti mmoja wa hapa nchini ambao kila mwanafunzi wa afya angepaswa kuujua. Moshi, mwaka 2007 hadi 2008, walichukuliwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria 528. Vipimo makini vilipofanyika, homa iliyosababishwa na malaria kweli ilikuwa kwa watu 14. Waliobaki walikuwa na mambo mengine, na chikungunya ilikuwemo. Ukisoma hapo unaanza kuwaangalia vingine wale ndugu zako wanaorudi zahanati na jibu la "malaria hamna, ni uchovu tu".

Turudi kwenye kipimo changu. Chikungunya ina barabara mbili na tofauti yake ni mbingu na ardhi. Barabara ya kwanza ni damu. Ukitaka kujua nani aliwahi kuugua, utatoa damu, utatafuta kingamwili, na kabla ya sindano ya kwanza utaomba kibali cha maadili, kwa utafiti wa tiba ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Halafu vitendanishi, jokofu, usafiri wa sampuli. Kwa mtu wa shahada ya kwanza hiyo ni ndoto, na damu iliyoharibika njiani huwezi kwenda kuiomba tena kwa mtu yule yule ukiwa na uso mkavu.

Barabara ya pili ni ndoo. Vifaa vyako ni tochi, bakuli jeupe, dropa, daftari na kalamu. Unaingia uani kwa ruhusa ya mwenye nyumba, unahesabu kila chombo chenye maji: pipa, tangi, mtungi, ndoo iliyopasuka, kifuu, tairi. Unamulika. Viluwiluwi wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Wa Aedes huning'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia juu, na ukipitisha kivuli wanazama kwa kujinyonganyonga. Mwishowe unapata nyumba ngapi katika 100 zina viluwiluwi, na vyombo vingapi vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100. Hivyo ni vipimo vinavyotumika duniani kote, kwa hiyo namba zako za Newala zinaweza kukaa meza moja na namba za Brazili. Na ukikosea wiki hii, wiki ijayo pipa bado lipo. Tena mayai ya mbu huyu yanavumilia ukavu miezi kadhaa yakisubiri maji, hivyo ukihesabu kiangazi ukarudi masika umepata ulinganisho wa bure.

Ndiyo maana nilitaka afute "uelewa". Dodoso la uelewa linakupa asilimia fulani ya watu waliosikia redioni. Pipa halisikilizi redio.

Mjusi wa Tendaguru

Hii ndiyo mada aliyoipenda, niliiona kwa alivyoiandika kwa mwandiko wa taratibu. Nani asiyeipenda? Mwaka 1906 Mjerumani mhandisi wa migodi, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta mfupa mkubwa wa dinosaria, ndiye huyo tunayemwita mjusi, umetokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku, kuhakikisha. Kisha jumba la makumbusho la Berlin likatuma msafara, 1909 hadi 1913, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Hao ndio majina yaliyo kwenye vitabu. Waliochimba ni watu wa huku, misimu mingine wakifika mia kadhaa, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, aliyejua kuutoa mfupa kwenye mwamba bila kuuvunja kuliko wengi waliokuja na digrii.

Hebu utazame mzigo wenyewe. Mfupa uliopasukapasuka unafungwa kwa fito za mianzi na udongo, kama mgonjwa aliyevunjika mguu anavyofungwa gango. Unatiwa begani au kichwani, au unabebwa na watu kadhaa kwa mti. Siku kama nne kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zilienda tani zaidi ya 200 kwa njia hiyo, katika nchi ambayo vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzi tu na njaa yake bado mdomoni. Kule Berlin amesimamishwa mmoja, Giraffatitan, mita 13.27 kwenda juu, mzee wa miaka milioni 150. Yupo pia Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni. Waingereza nao walikuja wakachimba 1924 hadi 1931.

Na kazi haijaisha. Mwaka 2019 wataalamu waliiangalia upya mifupa ya mkia iliyochimbwa zama zile, wakaona ni mnyama aliyekuwa amechanganywa na mwingine. Wakamwita Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Baadhi ya yale mafungu ya mianzi yanachunguzwa Berlin kwa mashine za kupiga picha za ndani bila kuyafungua, kwa sababu kifungashio chenyewe kimeshakuwa historia.

Sasa niambie utarudije mara ya pili. Mfupa uko Berlin. Viza, nauli, hoteli, na barua kwa mtunza mikusanyo. Bungeni limesemwa mara kadhaa suala la mjusi wetu, arudi au tugawane mapato, lakini mwanafunzi wa mwaka wa tatu hawezi kusubiri jibu la serikali mbili. Nilimwambia mpwa wangu wazi: ukiwa mwanajiolojia, nenda, maana mwamba haukupandishwa meli. Ukiwa na mwenyeji Berlin, nenda mbio. Ukiwa na shilingi ulizonazo, utafika kilimani kwa bodaboda, kiangazi tu, utapiga picha nyasi na shimo lililofukiwa, utarudi.

Akanuna. Nikamwachia upenyo mmoja: njia ya wapagazi. Vijiji ambavyo mizigo ilipita, nini kinasimuliwa, nani alikuwa babu wa nani. Hilo ni la historia na jiografia kwa pamoja, halihitaji kugusa mfupa. Lakini ni kama mada ya tano ninayoifikia, na ina hatari ile ile.

Magofu ya Kilwa

Kwa ufupi, Kilwa ni mada ya mtu mwenye nauli na subira. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, vikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Huwezi kuchimba, uchimbaji una kibali chake na una wenyewe, na mwanafunzi akionekana na kijiko cha fundi uashi atajibu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alishachimba miaka ya 1950 na 1960, na Songo Mnara wenzake wa fani wamefanya kazi nzito tangu 2009. Msikiti Mkuu upo, jumba la kale la Husuni Kubwa lipo, na msafiri Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331. Sarafu za shaba za Kilwa ziliwahi kuokotwa kisiwani kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje.

Lakini jambo jipya limefanya Kilwa iwe mada moto tena. Machi 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya zamani ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo, pamoja na mji mmoja wa bara. Masimulizi ya Kilwa yanasema walikuja watu kutoka Shirazi, Uajemi. Wanaakiolojia wa kizazi kilichopita walitumia nguvu nyingi kuonyesha kwamba miji hii ni ya Waafrika, vyungu na nyumba vikiwa mashahidi. Vinasaba vikatoa jibu ambalo kila upande uliondoka nalo nusu: kwa wengi wa watu hao, nusu au zaidi ya asili yao ilikuwa ya Afrika, ikipita hasa kwa mama, na palikuwa na damu ya Asia, mwanzoni ikiwa ya Uajemi kwa sehemu kubwa, ikipita hasa kwa baba, mchanganyiko ukianza kama mwaka 1000. Baba amekuja na jahazi, mama ana lugha na kitoto mgongoni, basi ndiyo maana tunaongea Kibantu. Ila tusisahau waliopimwa ni akina nani. Aliyezikwa karibu na msikiti kwenye kaburi la mawe hakuwa mvuvi wa kawaida.

Mpwa wangu hawezi kupima vinasaba. Anachoweza ni picha. Chukua picha za zamani za Gereza, ile ngome ya kisiwani, na kuta za ufukweni, simama pale pale aliposimama mpiga picha, piga tena, pima bahari imekula kiasi gani na mikoko iliyopandwa imesaidia wapi. Ukuta haukimbii, unaweza kurudi hata mara tano. Tatizo ni kwamba kila kurudi ni basi hadi Nangurukuru, gari jingine hadi Masoko, kulala, na boti ya asubuhi. Kwa mwanafunzi wa Kilwa mwenyewe, hii ningeiweka ya kwanza kabisa. Kwa aliyeko Mtwara, ya tatu.

Ya tano, ambayo huonekana rahisi

Wazee. Kila asiyekuwa na hela hukimbilia wazee, kwa sababu wanachotaka ni salamu, sukari kilo moja na muda. Majimaji ilianzia hapa, Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Agosti mwaka huo huo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi wakati waliokuwa watoto kwenye vita bado wapo hai. Waliyoyakusanya yanatumika hadi leo. Na mambo hayajapoa: Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi.

Mada hii inagharimu kidogo kuliko zote na ndiyo yenye kurudi kugumu kuliko zote. Nasema kwa uzoefu mbaya ulio wangu mwenyewe. Mwaka fulani mwanafunzi aliniachia flashi yenye sauti za wazee watatu, nimprintie dondoo. Niliichomeka kwenye kompyuta ya dukani iliyokuwa na virusi, mafaili yote yakageuka shotikati. Nilihangaika usiku kucha, sikupata hata sekunde moja. Alirudi kijijini kwa nauli yangu. Wazee wawili walimsimulia tena, kwa kifupi zaidi na kwa kuchoka. Wa tatu walikuwa wameshamzika. Tangu hapo mteja akija na sauti, namwuliza kwanza nakala nyingine iko wapi, na asipokuwa nayo simpokei.

Ukiichagua, usiulize tena vita vilikuwaje, aliyeviona hayupo. Uliza vinakumbukwaje, na kwa nini kaka na dada wa tumbo moja wanavikumbuka tofauti.

Nilivyomchagulia

Kwa mfuko wake, muhula wake na mguu wake: chikungunya kwa njia ya ndoo, vijiji viwili vya Newala, kimoja chenye bomba linalotoa maji na kingine kisicho nalo. Akibanwa kabisa na kibali, maji moto. Kilwa aiweke kwa shahada ya pili. Tendaguru aisome usiku kwa raha yake, wala asijilaumu.

Barua nilimprintia siku hiyo hiyo umeme uliporudi. Chuo kinaandika kwa katibu tawala wa mkoa, mkoa unaandika kwa wilaya, wilaya kwa mtendaji wa kata, kata kwa kijiji. Asiruke hata ngazi moja. Mtendaji wa kijiji uliyemruka hatakukataza, ila siku ya kazi watu wote watakuwa shambani.

Wakati barua bado inazunguka alipanda Newala kwa bibi yake, ambaye ni mama yangu, akafanya mazoezi uani. Alinipigia jioni. Mapipa matatu, moja limejaa viluwiluwi wanaoning'inia kichwa chini kama nilivyomwelekeza. Alikuwa ameshika ukingo wa pipa alimwage, bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Maji yale aliyanunua kwa mwenye baiskeli, dumu moja moja. Hayamwagwi. Akamletea kitambaa cha kanga ya zamani, wakayachuja.

"Sasa mjomba," akaniuliza, "lile pipa naliandika lina viluwiluwi au halina?"

Nikamwambia aandike kabla ya kitambaa, na pembeni aandike habari ya kitambaa.